Tulifichana krimu, ngozi zikatuumbua

Leo nawaletea kisa cha chumbani kwangu mwenyewe. Mume wangu amekisoma kabla sijakileta hapa, akacheka, akasema, "Peleka tu mke wangu, kuna wenzetu wengi wanateseka kimyakimya." Kwa hiyo msidhani namsema bwana wa watu bila ruhusa.

Ilikuwa mwezi wa tatu, mwaka jana. Nyie mnaoijua Songea mnaelewa mvua zetu. Zikishaanza kwenye Novemba au Desemba, hazituachi mpaka Aprili. Kazi ya mume wangu ni ya kuzunguka, leo yuko Namtumbo, kesho Mbinga, na usafiri wenyewe ni pikipiki. Jioni anarudi amelowa chapachapa, viatu vinatoa maji kama kaoga navyo. Nguo tunazianika sebuleni kwa sababu nje hakuna jua. Asubuhi anazivaa bado zina ubichi, anaondoka. Maisha ndiyo hayo, tuliyazoea.

Ghafla bwana akabadilika. Yeye alikuwa mtu wa kutoka bafuni na taulo kiunoni, anapiga mluzi nyumba nzima. Sasa akawa anaingia kuoga na nguo zake mkononi, anavalia hukohuko. Taa ya chumbani lazima izimwe. Kitandani ananigeuzia mgongo, na mambo yetu ya unyumba ndiyo yakalala kabisa.

"Mume wangu, una nini?"

"Nimechoka tu, mke wangu."

Kila siku amechoka! Nikampigia simu shoga yangu wa Majengo, na yeye hakunipunguzia moto hata kidogo. Aliniambia mwanaume akianza kuoga kwa kujificha, jua ana mtu. Basi nikaanza kazi ya upelelezi. Siku moja yeye yuko sokoni, nikapekua begi lake la safari. Sikukuta picha wala hereni ya mtu. Nilikuta tyubu ya krimu, imeminywa mpaka inakaribia kwisha. Mwili ukanifa ganzi. Krimu ya nini? Kapata ugonjwa wa zinaa huko Mbinga, anajitibu kwa siri. Hayo ndiyo niliyojiambia.

Lakini kabla hamjamlaani mume wangu, niseme na la kwangu. Chini ya kapu langu la nguo kulikuwa na kopo la krimu ambalo yeye halijui. Mdogo wangu alikuwa na kichen pati, na mimi nilitaka nitoke vizuri kwenye picha. Dada mmoja anayechanganya krimu akaniuzia kopo lisilo na jina wala maelezo, akaniambia wiki mbili tu utakuwa unang'aa. Kwa kweli nikang'aa. Sura ikawa laini kama ya mtoto, ofisini kila mtu ananisifia, nikaongeza wiki, nikaongeza mwezi. Kwa hiyo ndani ya nyumba moja kulikuwa na krimu mbili zilizofichwa, na watu wawili wanaotiliana shaka.

Siku nilipomwekea ile tyubu mezani, nilitegemea tutagombana mpaka majirani wasikie. Yeye alikaa kimya, halafu akawasha taa, akanionyesha. Kinena chote na mapaja kwa ndani, wekundu unaoelekea weusi, umetanuka kama ramani. "Niliogopa utasema nimeitoa nje," akasema. Nilipomwangalia vizuri nikahisi baridi mgongoni, maana hata mimi, kiunoni pale ninapofunga khanga, nilikuwa na kiduara kinachowasha. Nilikuwa nakiita joto.

Kumbe ni ndugu mmoja

Tulikwenda kwa shangazi yangu, muuguzi mstaafu anayeishi Bombambili. Shangazi hana haya na mwili wa mtu. Aliangalia, akavaa miwani, akasoma maandishi madogo kwenye tyubu ya mume wangu, halafu akaomba na la kwangu kopo. Halina maandishi. Akaniuliza: ngozi imekuwa laini haraka? Ndiyo. Chunusi ndogondogo zimeanza kidevuni? Ndiyo. Michirizi mapajani? Nikanyamaza.

"Wanangu," akasema, "mmefichana dawa ileile."

Ile krimu ya mume wangu, aliyopewa dukani alipotaja muwasho bila kuonyesha mwili, ilikuwa ya steroidi. Steroidi ni dawa halali kabisa, daktari anaitumia kwa pumu ya ngozi na magonjwa mengine, kwa kipimo na kwa muda. Kazi yake ni kutuliza ngozi iliyovimba na kuwasha. Ukiipaka kwenye fangasi, muwasho unakwisha siku mbili tatu, unashangilia. Lakini fangasi hajafa. Ile kinga ya ngozi iliyokuwa inapigana naye ndiyo imelazwa usingizi, kwa hiyo anatanuka kwa raha zake. Hata lile duara la choa linalomfanya kila mtu aitambue linafutika, mpaka mtaalamu naye anaweza kupata taabu kuijua.

Na mkorogo wangu je? Steroidi kali ni moja ya vitu vinavyotiwa mara nyingi kwenye mikorogo, pamoja na haidrokwinoni na zebaki. Hospitalini walitukwangua ngozi kidogo, wakaiangalia kwenye hadubini, wakasema ni fangasi, na kwa dalili zangu mkorogo nao ulikuwa na steroidi. Tulipewa dawa ya fangasi ya kupaka, sote wawili siku moja, mara mbili kwa siku, na onyo kali: tusiache siku ile muwasho unapokwisha. Tuendelee wiki moja mpaka mbili baada ya ngozi kuonekana safi. Wengi wetu tunaacha mapema, ndiyo maana choa inarudi kila masika.

Nikauliza lile swali lililokuwa limenikaa kooni. Ameitoa wapi? Jibu lilinifanya nimwombe mume wangu msamaha palepale. Fangasi wa kinena hahitaji mwanamke wa pembeni. Anahitaji jasho, nguo mbichi na joto. Mara nyingi anaanzia katikati ya vidole vya miguu, kwenye viatu vilivyolowa, halafu anapandishwa juu na nguo ya ndani wakati wa kuvaa. Na mimi nilimpata kwenye taulo. Tulikuwa na taulo moja kubwa la harusi, zawadi, tunajifutia wote. Tuliona ndiyo mapenzi!

Toka siku hiyo tulibadilisha tabia za nyumba yetu. Si mambo ya gharama. Nawapa kama tulivyoyapanga wenyewe.

Taulo ni kama mswaki

Kila mtu na lake. Lifuliwe angalau mara moja kwa wiki na lianikwe palipo na jua na hewa, si nyuma ya mlango wa bafu. Vivyo hivyo na nguo za ndani, soksi, wembe na dodoki. Nguo za ndani tunabadilisha kila siku, na za pamba ndizo zinazopitisha hewa. Masika nguo zikikosa jua, tunazipiga pasi mpaka zikauke kabisa. Pasi hiyo ina faida nyingine. Wapo inzi wanaotaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa, na funza wake huingia kwenye ngozi na kufanya uvimbe kama jipu. Pasi ya moto inayaua mayai hayo.

Kuoga nako kuna namna yake

Mimi nilikuwa mtu wa maji ya moto na kusugua mpaka ngozi ilie. Hasa Juni na Julai, baridi ya Songea si mchezo, mji wetu uko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Lakini maji ya moto sana, sabuni kali na dodoki la nguvu vinaondoa mafuta ya asili ambayo ndiyo ukuta wa ngozi. Ukuta ukibomoka, ngozi inakauka, inapauka, inapasuka na kuwasha. Maji ya vuguvugu yanatosha, sabuni isiyo kali, na hakuna haja ya kukaa bafuni nusu saa. Sabuni ya unga ni ya nguo.

Ukimaliza jifute kwa kugandamiza taulo, usisugue. Kausha vizuri kwapani, chini ya matiti, kinena na katikati ya vidole vya miguu, maana fangasi anapenda pembe zenye unyevu. Halafu paka mafuta palepale, ngozi ikiwa na unyevu kidogo, ili yafungie maji ndani. Si lazima yawe ya bei mbaya. Mafuta ya mgando ya kawaida, yasiyo na manukato, yanafanya kazi nzuri mwilini. Kwa wenye magaga, loweka miguu kwenye maji ya vuguvugu, sugua taratibu kwa jiwe, paka mafuta ya mgando, vaa soksi safi ulale.

Kama una fangasi miguuni, vaa soksi kabla ya nguo ya ndani. Najua ni kichekesho, mume wangu nilimcheka wiki nzima, lakini ndiyo njia ya kumzuia fangasi asipande juu. Na viatu vya ofisini ukiweza uwe na jozi mbili, hivi leo, vile kesho, ili kila jozi ipate siku ya kukauka.

Uso, ndevu na kidevu

Uso oshwe mara mbili kwa siku. Kuosha mara sita hakuondoi chunusi, kunaukera uso tu. Usizitumbue, kwa sababu kila uliyoitumbua inaacha doa jeusi linaloweza kukaa miezi. Kama chunusi zako ziko pajini, pembeni ya nywele, chunguza mafuta unayopaka kichwani, yanateremka na kuziba vitundu. Na tafadhali, dawa ya meno ni ya meno. Limau nalo ni la samaki. Ukilipaka usoni ukatoka juani, linaweza kukuunguza na kukuachia mabaka.

Akina kaka, vile vipele vya ndevu vinakuja kwa sababu nywele zetu zimejikunja, zikinyolewa chini sana ncha inarudi kujichoma ndani ya ngozi. Lainisha ndevu kwa maji ya vuguvugu kwanza, nyoa kufuata zinakolala, usivute ngozi, na usipitishe wembe mara tano sehemu moja. Vikizidi, acha ndevu kidogo au tumia mashine isiyokata chini kabisa. Kinyozi naye mwombe asafishe mashine yake kwa spiriti kabla haijakugusa. Wala usione haya, ni kichwa chako. Na asikukwangue kisogoni, maana vipele vya kisogo kwa wengine vinageuka makovu magumu.

Jua ni la wote

Ngozi nyeusi ina kinga yake ya asili, lakini si kinga kamili. Jua linaongeza madoa ya chunusi na kuzeesha ngozi. Kuanzia kama saa nne asubuhi mpaka saa kumi jioni, mwavuli au kofia pana ni rafiki mzuri. Kwa ndugu zetu wenye ualbino hili si suala la urembo, ni la uhai, kwa sababu saratani ya ngozi huanza na jua la utotoni. Kofia pana, mikono mirefu na krimu ya kuzuia jua kila siku, tangu mtoto akiwa mdogo. Kule Moshi, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichofunguliwa mwaka 1992 katika hospitali ya KCMC, ndiko ilikoanzia krimu ya Kilisun, iliyotengenezwa mahususi kwa watu wenye ualbino. Mzazi, ulizia hospitali iliyo karibu nawe.

Sahani na usingizi

Watu wanasema kunywa maji mengi ngozi itang'aa. Maji kunywa, mwili unayahitaji, lakini hayafanyi kazi ya mafuta wala ya tabia njema. Sisi tumepunguza soda na vitu vitamu, kwa baadhi ya watu sukari nyingi inachochea chunusi. Mboga za majani, maharage, embe, parachichi na dagaa wa Ziwa Nyasa vipo hapahapa sokoni, tena kwa bei ya kueleweka. Sigara inaikunja ngozi kabla ya umri. Na ukikesha mfululizo, uso wako ndio wa kwanza kukusema.

Kopo lisilo na jina

Narudi kwenye kopo langu. Tanzania ilipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki, haidrokwinoni na steroidi siku nyingi, na tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya TBS. Lakini kopo lililochanganywa uani kwa mtu halipiti TBS. Haidrokwinoni ikitumiwa muda mrefu huleta weusi mpya usiotoka, zile sugu za vidole na mashavu mnazoziona mjini. Steroidi inakonda ngozi, inaleta michirizi, kidonda kinachelewa kupona, na ukipaka mwili mzima kwa muda mrefu inaweza kupandisha sukari na presha. Zebaki inaharibu figo. Na hili ndilo lililonitoa machozi: zebaki haibaki kwa aliyejipaka. Inahamia kwenye taulo, kwenye shuka, kwa mume na kwa mtoto anayekumbatiwa.

Kama unatumia, usiache kwa kukurupuka bila ushauri. Ngozi iliyozoea steroidi ikikatiwa ghafla inaweza kuwaka, kuwasha na kutoa vipele kiasi kwamba utarudi kwenye kopo mbio. Nenda hospitali, useme ukweli, uonyeshe na kopo lenyewe. Mimi ilinichukua miezi kadhaa. Nilikuwa mwekundu kama nyanya, ofisini nasingizia aleji. Michirizi bado ninayo, nadhani nitazeeka nayo.

Lini usijitibu

Muwasho unaozidi usiku, na zaidi ya mtu mmoja nyumbani anajikuna, huenda ni upele. Huo mnatibiwa nyumba nzima siku moja, hata asiyewashwa, kwa sababu kwa anayeupata mara ya kwanza muwasho unaweza kuchelewa wiki nne mpaka sita. Na huo nao unapatikana kwa kulala pamoja tu, kwa hiyo msianze kutafutana ubaya. Kidonda kisichopona, alama nyeusi inayobadilika, hasa chini ya unyayo au kwenye kucha, nenda ukaonwe. Baka lililopauka au jekundu lisilo na hisia, ukiligusa husikii, usilisubirie. Ukoma bado upo nchini, unatibika kabisa, dawa ni bure, na ukiwahiwa haukuachii ulemavu.

Kwenye duka la dawa, ukiambiwa "hii inatibu kila kitu", iache. Soma kilichoandikwa. Majina kama betamethasoni na klobetasoli ni steroidi, hayo ni ya kuandikiwa na daktari.

Leo mume wangu anatoka bafuni na taulo lake la bluu kiunoni, mluzi umerudi. La kwangu ni la njano. Jumapili jioni tumejiwekea utaratibu wetu: ananiangalia mgongo, namwangalia wake, sehemu ambazo mtu hawezi kujiona mwenyewe. Mara ya kwanza tulicheka sana. Siku hizi ni kitu cha kawaida kama kupaka mafuta.

Nikikumbuka zile wiki tatu nilizolala nimekunja ngumi nikimpangia mume wangu mwanamke wa Mbinga, naona aibu. Alikuwa ananikimbia kwa sababu ya choa. Na mimi nilikuwa namficha kopo kwa sababu niliamini sura yangu aliyoioa haitoshi. Nilipomwambia hivyo, alinijibu kwamba yeye hata hakugundua kama nimekuwa mweupe, kwa kuwa taa alikuwa anaizima mwenyewe.

Basi wapendwa, leo usiku washeni taa.